Mkoba wa Kompyuta kwa Mtu Mwenye Ulemavu: Namna ya Kuuchagua

Leo nataka kuwaeleza habari za kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii hata kidogo, nacho ni mkoba wa kuchukulia kompyuta. Mtu mwenye miguu yake na mikono yake yenye nguvu hununua mkoba kwa kutazama rangi. Auona umetundikwa sokoni Koboko au Arua, aupindua mara mbili, apatana bei, basi, imekwisha. Lakini mtu aendaye kwa kiti cha magurudumu, au kwa magongo, au kwa fimbo nyeupe, hawezi kuchagua hivyo. Kwake yeye mkoba usiofaa waweza kumwangusha chali mahali penye mpando, au waweza kumfanya aiache kompyuta yake bwenini kila siku na kukaa darasani bila kitu, huku wenzake wakiandika.

Kompyuta ninayoisema hapa ni ile inayokunjwa kama kitabu. Kwa Kiswahili yaitwa kompyuta mpakato, na jina hilo latokana na neno kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama apakatavyo mtoto. Zamani haikuwa rahisi kuipakata. Kompyuta ya Osborne 1, iliyotolewa Marekani mwaka 1981 ili watu waweze kusafiri nayo, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Za siku hizi nyingi zina uzito wa kilo moja na nusu mpaka mbili na nusu. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba shida ya uzito imekwisha. Haikwisha, maana kompyuta haitembei peke yake. Chukueni mizani ya jikoni mkapime: kompyuta kilo 2, chaja na waya wake karibu gramu 400, mkoba wenyewe kilo 1, daftari na kitabu kilo 1, chupa ya maji gramu 500. Jumla ni karibu kilo 5, na hatujatia sweta wala mkate.

Wataalamu wengi wa afya hushauri kwamba mwanafunzi asichukue mgongoni mzigo unaozidi sehemu 10, au kwa wingi 15, katika 100 za uzito wake mwenyewe. Kijana wa kilo 50 basi achukue kilo 5, au 7 na nusu kwa wingi. Shauri hilo ni zuri kwa mtu asimamaye kwa miguu miwili. Kwa mwenye kiti cha magurudumu jambo kubwa zaidi ni mahali mzigo unapokaa, na kwa mwenye mkono mmoja jambo kubwa ni namna unavyofunguka. Ndiyo sababu nasema kwamba tusianze na mkoba. Tuanze na mtu: anakwendaje, mikono yake inafanya kazi gani wakati anapokwenda, na akifika aketi wapi.

Pia tutazame nchi yenyewe. Barabara kuu itokayo Vurra kupita Arua na Koboko mpaka mpakani Oraba ina lami, lakini ukiiacha na kushika njia za Abuku wakutana na changarawe, mifereji iliyochimbwa na mvua, na vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Mvua zetu huanza karibu na Aprili na kuendelea, kwa kupumzika hapa na pale, mpaka Novemba. Mikoba mingi inayouzwa ilifikiriwa kwa ajili ya mtu ashukaye katika basi na kutembea hatua chache sakafuni. Ile yenye magurudumu madogo, inayokokotwa, ni mizuri sana katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Kwenye changarawe gurudumu moja litavunjika kabla muhula haujaisha.

Sasa na tuanze na kiti cha magurudumu, maana hapo ndipo penye hatari kubwa na ndipo watu wengi wanapokosea. Ukimpa mwenye kiti mkoba wowote, jambo la kwanza afanyalo ni kuutundika nyuma, kwenye vile vipini viwili vinavyoshikwa na msukumaji. Mahali hapo paonekana kama pamewekwa kwa ajili hiyo. Lakini tulifundishwa katika somo la fizikia habari za mizani na nguvu ya kupindua, na hapa elimu hiyo yatufaa.

Tuchukue mfano wa zoezi. Mtu na kiti chake kwa pamoja wana uzito wa kilo 70. Kitovu cha uzito wao kiko sentimeta 10 mbele ya ekseli ya magurudumu makubwa, na sentimeta 60 toka chini. Kiti kikipanda mwinamo, kitovu hicho huenda nyuma kidogo kidogo kikilinganishwa na mahali gurudumu linapogusa ardhi. Kikifika juu ya mahali hapo hasa, kiti hakina budi kuanguka nyuma. Kwa hesabu yetu kiti hiki chaweza kustahimili mwinamo wa 10 kwa 60, yaani 1 kwa 6. Mwinamo huo ni mkali, na mtu yu salama.

Sasa tutundike mkoba wetu wa kilo 5 kwenye vipini, sentimeta 30 nyuma ya ekseli. Upande wa mbele tuna 70 mara 10, yaani 700. Upande wa nyuma tuna 5 mara 30, yaani 150. Tukitoa, imebaki 550. Tugawe kwa kilo zote 75, twapata sentimeta 7 na kidogo. Kitovu kimerudi nyuma karibu sentimeta 3, na mwinamo unaoweza kustahimiliwa umekuwa 1 kwa 8. Tuongeze vitabu mpaka mkoba uwe kilo 10: 700 kutoa 300 ni 400, tugawe kwa 80, twapata sentimeta 5 tu. Sasa mwinamo ni 5 kwa 60, yaani 1 kwa 12. Je, mwajua 1 kwa 12 ni nini? Ndio mwinamo ambao sheria za ujenzi za Marekani zauweka kuwa mkali wa mwisho kwa njia za viti vya magurudumu, na wajenzi wa nchi nyingi huufuata vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba mtu huyu, akiwa na kilo 10 nyuma yake, ataning'inia baina ya kukaa na kuanguka katika njia iliyojengwa kwa saruji kwa ajili yake yeye. Na hapo bado hajasukuma magurudumu kwa nguvu, na kusukuma huko kwenyewe hukiinua kiti mbele. Sisemi habari za njia ya kisimani.

Hesabu hizi ni za mfano, na kila kiti kina vipimo vyake. Mtu mwenye nguvu za kiwiliwili huinama mbele akipanda, akajiokoa. Lakini mtu aliyeumia uti wa mgongo mahali pa juu hawezi kuinama vizuri. Tena iko hatari nyingine isiyofikiriwa: mtu ameketi salama na mkoba mzito nyuma, kisha ahamia kitandani au kwenye benchi. Uzito wake umeondoka na wa mkoba umebaki, basi kiti chapinduka, na kompyuta iko chini yake.

Wapi basi pa kuweka mkoba? Mahali bora ni chini ya kiti. Tuutie mkoba uleule wa kilo 5 chini, sentimeta 10 mbele ya ekseli na sentimeta 35 toka ardhini. Kitovu chabaki sentimeta 10 mbele, nacho chashuka kidogo mpaka sentimeta 58. Kiti kimekuwa imara kuliko kilivyokuwa bila mkoba. Lakini mkoba wa chini una masharti yake. Uwe bapa, usining'inie sana, maana mawe na majani yenye umande yatausugua. Mdomo wake uelekee mbele, kati ya miguu, ambako mwenyewe aweza kufika. Ukifunguka upande wa nyuma, kila mara itambidi amwite mtu. Kiti kinachokunjwa kina vyuma vilivyopishana chini, na hapo mkoba mgumu huzuia kukunja. Yafaa uwe na ndoana au bizimu za kuutoa upesi.

Wengine hupenda kuupakata mapajani, na kwa safari fupi hapana ubaya, mradi uwe na mkanda unaozunguka mapaja au unaofungwa kwenye mikono ya kiti ili usiteleze mteremkoni. Bali kuna onyo. Mtu asiyekuwa na hisia miguuni hajui kwamba kona ya chaja inamchoma, wala hajui kwamba kompyuta iliyotiwa mkobani bila kuzimwa inapata moto juu ya paja lake. Kwake yeye kidonda kidogo cha mgandamizo chaweza kuwa kazi ya miezi mingi hospitali. Kompyuta izimwe kabisa, chaja iwe upande wa juu, na sponji iwe upande wa miguu.

Mkoba wa ubavuni nao unafaa ukiwa mwembamba na ukikaa ndani ya gurudumu, kati ya mkono wa kiti na paja. Ukikaa nje, mambo mawili hutokea: kiti huongezeka upana na kugota mlangoni, na mikanda huingia katika spoku. Kwa jumla, mkanda wowote unaoning'inia karibu na gurudumu ukatwe, uchomwe ncha kwa moto usifumuke, au ushonwe. Ni dakika tano za fundi.

Baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono, ni jamaa ya kiti lakini tabia yake ni nyingine. Ni ndefu, haipinduki nyuma kwa urahisi, na huku kwetu wengi huipenda kuliko kiti kwa sababu yaweza njia mbaya. Kama wataka kujua baiskeli hii yaweza kuchukua nini, uliza habari za Busia, mpakani baina ya Uganda na Kenya, ambako kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wameonekana wakivusha bidhaa za wafanyabiashara juu ya baiskeli za namna hii. Huko Kongo nako, watu wenye baiskeli hizi walijulikana sana kwa kuvusha mali kwa kivuko baina ya Kinshasa na Brazzaville. Hao ni mabingwa wa kupanga mizigo, na kanuni yao ni ileile ya fizikia yetu: kizito kiwe chini na karibu na katikati, chepesi kiwe juu, na kila kitu kifungwe.

Kwa kompyuta, baiskeli ina adui mmoja, nao ni mtikisiko. Usiifunge kompyuta moja kwa moja juu ya chuma cha kubebea mizigo. Chini yake iwepo sponji ya unene wa sentimeta 3 au 4, kama ile ya magodoro, kisha mkoba ufungwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ambao huvuta na kurudi kuliko kamba. Kompyuta za zamani zina diski inayozunguka, nazo huharibika kwa mtikisiko, hasa zikiwa hazikuzimwa. Nyingi za siku hizi zina hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, nazo ni sugu zaidi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua hizo. Watu wa pwani wana kitu kiitwacho shogi, mfuko wa mifuko miwili anaotwikwa punda, mmoja huku na mmoja huku. Mimi naona shogi ndogo nyuma ya kiti cha baiskeli, upande mmoja kompyuta na upande wa pili vitabu, ingefaa kuliko sanduku, maana mizani husawazika. Lakini katika soko lenye watu wengi mwenyewe haoni nyuma yake. Zipu zielekee mgongo wake, zisielekee watu.

Tuje kwa mwenye magongo. Mikono yake miwili imekwisha ajiriwa. Mkoba wa kushika hauwezekani. Mkoba wa bega moja humpiga nyongani kila hatua na kumvuta upande mmoja, na mtu atembeaye kwa kujirusha kati ya magongo mawili akivutwa upande mmoja ataanguka. Kwake afadhali shanta, yaani mkoba wa mgongoni wenye mikanda miwili, uliokazwa ushikamane na mgongo, wenye mkanda mwingine mdogo wa kufunga kifuani usiyumbe. Kompyuta ikae kwenye mfuko ulio karibu kabisa na mgongo. Kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi: mkanda wa shanta na kichwa cha gongo la kwapani hukutana mahali pamoja. Mkanda mwembamba, wenye mshono mgumu, utaichubua ngozi ya kwapa kwa siku mbili. Tafuta mkanda mpana na laini, na mshono wake uwe upande wa nje. Tena apime kuuvua. Kuuvaa aweza kusaidiwa na ukuta, lakini kuuvua akiwa amesimama juu ya magongo ni kazi ya hatari. Hapana budi aketi kwanza, kwa hiyo mikanda iwe na bizimu inayofunguka kwa kidole kimoja akiwa ameketi.

Kwa mtu mwenye mkono mmoja, au mwenye upande mmoja uliopooza, adui ni zipu. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi: tia mkono mmoja mfukoni, kisha ufungue zipu ya mkoba wako uliolala mezani. Utaona mkoba wote unafuata. Zipu yataka mkono mmoja uvute na mwingine ushike. Dawa yake ni mbili. Kwanza mkoba uwe na kitako kigumu, usimame wenyewe. Pili, mwanzo wa zipu pashonwe kitanzi ambacho mtu atakitia katika goti, au katika mkono wa kiti, au katika msumari wa dawati, kisha avute. Na kichwa cha zipu kitiwe kitanzi kingine cha kamba, kikubwa cha kuingia kidole kizima, sentimeta 5 hivi. Kitanzi hiki humfaa pia mwenye vidole visivyo na nguvu, na mwenye vidole vilivyopoteza hisia kwa ukoma, ambaye chuma kidogo cha zipu humkata asijue.

Ziko njia nyingine za kufunga, na kila moja ina kasoro yake. Kitambaa cha kunasana, kile chenye upande wa nywele na upande wa vindoana, kilibuniwa na mtu wa Uswisi, George de Mestral, baada ya kutazama mbegu za magugu zilivyonasa katika manyoya ya mbwa wake. Ni rahisi sana kwa mkono mmoja. Lakini huku kwetu chajaa vumbi na nyasi, na baada ya miezi michache hakishiki tena, isipokuwa ukisafishe kwa kitana. Tena kina kelele. Ukikifungua katikati ya mtihani chumba kizima hugeuka. Bizimu za plastiki za kubana pande mbili zataka vidole viwili vyenye nguvu. Sumaku ni nzuri kuliko zote kwa mkono dhaifu, bali kompyuta nyingi zina kitu ndani kinachohisi sumaku ili kijue kwamba kifuniko kimefungwa, na sumaku yenye nguvu ikiwekwa karibu yaweza kuifanya ilale ghafula. Sumaku ziwe mdomoni mwa mkoba, mbali na kompyuta.

Kwa asiyeona, mkoba ni ramani. Kila kitu kiwe na mfuko wake, na mfuko usibadilike. Zipu tatu zinazofanana ni mateso. Lakini ukitia fundo moja kwenye zipu ya kompyuta, mafundo mawili kwenye ya chaja, na ushanga kwenye ya vitabu, kidole kitasoma bila kuuliza. Mfuko wa visikizio vya masikioni uwe wa juu na wa karibu, maana asiyeona huitumia kompyuta kwa programu inayomsomea kwa sauti. Iko moja isiyouzwa, iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Bila visikizio, darasa zima litasikia, au yeye atanyamaza. Mtu anayeona kidogo, na wenzetu wenye ualbino wengi wao huona kidogo, hufaidika na jambo ambalo ni la bure: bitana ya ndani iwe nyeupe au ya manjano. Chaja nyeusi ndani ya mkoba mweusi ni kama kutafuta kaa la jiko usiku. Na ninyi marafiki wenye huruma, mkiupanga mkoba wa mwenzenu asiyeona ili uwe nadhifu, mmemvurugia ramani yake.

Wengine watasema kiziwi hana shida na mkoba. Yeye ana miguu, ana mikono. Ndiyo, na mikono hiyo ndiyo mdomo wake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yataja lugha ya ishara kuwa jambo ambalo serikali itaikuza, nayo ni lugha ya mikono miwili. Kiziwi aliyeshika mkoba mkononi ni kama mtu aliyezibwa nusu ya kinywa. Shanta nyepesi kwake ni jambo la mazungumzo.

Basi mkoba wa namna hii wapatikana wapi? Katika nchi za mbali yako makampuni yanayoshona mikoba ya viti vya magurudumu, lakini kuagiza ni ghali. Mimi nasema, nunua mkoba wa mtumba ulio imara, kisha nenda kwa fundi wa cherehani. Hii si kazi ya kubahatisha Afrika ya Mashariki. Huko Mombasa, karakana za Bombolulu zilianza mwaka 1969, na humo watu wenye ulemavu wamefanya kazi za ngozi, nguo na mapambo. Iringa, Tanganyika ya zamani, iko Neema Crafts iliyoanzishwa mwaka 2003, ambako mafundi wenye ulemavu hufuma na kushona. Fundi ambaye mwenyewe ana magongo hahitaji kuelezwa habari za kwapa.

Ukienda kwa fundi chukua vipimo. Kompyuta ya inchi 15.6 hupimwa kioo chake kutoka kona mpaka kona. Kiwiliwili chake ni karibu sentimeta 36 kwa 24, na ile ya inchi 14 ni karibu 33 kwa 23. Mfuko wa ndani uzidi kwa sentimeta 1 tu kila upande, maana kompyuta inayocheza ndani hupasuka kona. Na mfuko huo usifike kitakoni. Ushonwe uning'inie sentimeta 3 juu yake, ili mkoba ukiangushwa, kitako kigonge na kompyuta isigonge. Juu ya zipu pashonwe ulimi wa turubai wa kuzuia mvua. Zipu isuguliwe mshumaa kila mwezi kwa ajili ya vumbi. Na tafadhali, mkoba usiachwe juani juu ya baiskeli wakati wa kiangazi, maana betri huharibiwa na joto upesi kuliko mtu adhanivyo.

Huenda mtu akaniuliza, kwa nini tabu yote hii, na hali wanafunzi wenzake wapo na wako tayari kumchukulia? Kuchukuliana ni jambo jema, na hapa shuleni twafanya. Lakini yule anayechukuliwa mkoba huenda pale mchukuzi aendapo, na saa ile mchukuzi atakayo. Mchukuzi akiwa na mpira wa miguu jioni, kompyuta yabaki darasani. Mchukuzi akiugua, masomo yote mawili yamelala. Uganda ilithibitisha mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 20 chahusu kusafiri na kutembea kwa uhuru kadiri iwezekanavyo, na mwaka 2020 nchi ikapata sheria mpya juu ya watu wenye ulemavu. Sheria hizo ni kubwa, lakini zikifika Abuku zitakuwa vitu vidogo: mlango, njia ya saruji, kitanzi cha zipu.

Kabla hujatia kompyuta ndani ya mkoba mpya, jaribu kwa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tia chupa za lita tano zilizozibwa vizuri, au pungufu kama mzigo wako ni mdogo, uzipange kama vitu vyenyewe vitakavyopangwa. Kisha mwenye mkoba atoke bwenini mpaka darasani kwa njia yake ya kila siku, pamoja na ule mpando anaouogopa, na mtu amfuate nyuma asimguse isipokuwa anaanguka. Akifika, aufungue, atoe chupa zote, azirudishe, afunge, arudi. Fundi naye awepo akiweza. Pale mkono utakapokwama, au mkanda utakapogusa gurudumu, fundi atie alama ya chaki hapohapo, mkoba ukiwa bado juu ya kiti.